Nani Aruhusiwe Kulifungua Jina Lililofichwa

Steshenari yangu ipo Kirumba jijini Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa huingia dukani pamoja na wateja. Kazi yangu ni kuchapa, kuskani na kutoa nakala, na kwa miaka ya karibuni sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa ya aina mbili ambazo, zikiwekwa meza moja, zinabishana. Aina ya kwanza ni ya watu wanaoingia na simu mkononi wakitaka niwachapishie picha za skrini zenye matusi, uzushi au vitisho walivyorushiwa na akaunti isiyojulikana, ili wazipeleke polisi. Aina ya pili ni ya watu wanaotaka niwachapie barua isiyo na jina wala sahihi, kwenda ofisi fulani, wakieleza wizi, rushwa au uvuvi haramu wanaoujua. Wa kwanza wanataka aliyejificha afichuliwe leo hii. Wa pili wanataka hata mimi nizisahau sura zao wakishatoka mlangoni. Kwa maoni yangu wote wana haki.

Kila linapotokea jambo baya mtandaoni, hapa mjini husikika kauli moja, vijiweni, kwenye daladala na hata mimbarini, kwamba kila mtu alazimishwe kutumia jina lake halisi na uovu utakwisha. Wapo pia, hasa vijana, wanaosema jina la mtu ni mali yake na hakuna mwenye haki ya kulidai kwa hali yoyote. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba swali lenyewe tumeliweka vibaya. Lililo muhimu zaidi ni nani anayelishika jina hilo wakati limefichwa, anaruhusiwa kulifungua kwa sababu zipi, na akilifungua ovyo yeye mwenyewe anawajibika kwa nani.

Nianze na upande wa aliyeumizwa, kwa sababu huo ndio unaotusukuma kutaka majibu ya haraka. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla aliamka akakuta picha ya meza yake imesambazwa na akaunti yenye jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua, ikidai kwamba dagaa wake hunyunyiziwa dawa ya wadudu ili nzi wasitue wakati wa kuwaanika. Picha ilikuwa ya kweli na maelezo yalikuwa ya uongo, na mchanganyiko huo ndio mbaya kuliko wote. Ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanunuzi, ikavuka mkoa, na wateja wake wa mbali, wale ambao hawakuwahi kumwona bali hufanya naye biashara kwa simu, wakaacha kupokea simu zake mmoja baada ya mwingine. Alipokuja kuchapisha ushahidi wake nilimwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, usifute hata meseji moja, maana karatasi hii peke yake haitoshi." Akanijibu kwa upole ulionishangaza, "Kaka, mimi simtaki afungwe. Nataka nimjue, aniambie nilimkosea nini."

Nilichomwambia kuhusu karatasi kina msingi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaitaka mahakama itazame uaminifu wa namna ushahidi huo ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotunzwa bila kuguswa. Picha ya skrini ni rahisi kughushi. Mimi mwenyewe, kwa programu niliyo nayo dukani, ningeweza kutengeneza mazungumzo ambayo hayajawahi kutokea na yakaonekana ya kweli kabisa. Kwa hiyo anayeonewa mtandaoni aitunze simu yenyewe, asifute mazungumzo, aandike tarehe na saa, na ahifadhi anwani kamili ya akaunti, kwa sababu jina linaloonekana juu hubadilishwa kwa kubonyeza mara moja.

Upande wa pili namkumbuka kijana kutoka kijiji kimoja cha mwambao wa Sengerema. Aliona mitumbwi ikiingiza kokoro usiku, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku kwa sababu huzoa samaki wachanga pamoja na mazalia yao, akapiga simu kwenye ofisi inayohusika akitumia laini yake ya kila siku na akajitambulisha kwa jina, kama raia mwema anavyofundishwa. Kabla jua halijazama, mwenye mitumbwi alikwisha kujua aliyepiga. Ofisi hiyo siitaji, na simjui aliyelitoa jina hilo, ila mtu yeyote aliyeishi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, anafahamu jinsi mambo yanavyokwenda: vikundi vya BMU vinavyosimamia uvuvi vimeundwa na wanakijiji wale wale, mwenye mtumbwi ni shemeji ya fulani, fulani anadaiwa na mwenye mtumbwi, na taarifa inapopita mikononi mwa watu watatu huwa tayari imekwisha kufika inakokatazwa kufika. Kijana alihama kwa muda. Alipokuja kwangu alitaka barua isiyo na jina, na kwa yaliyompata sikuona hoja ya kumshawishi vinginevyo.

Sasa tuipime ile dawa ya jina halisi kwa watu wote. Tanzania tayari tunayo, kwa kiasi kikubwa. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, ukiambatana na namba ya kitambulisho cha NIDA, na mwisho wake uliosogezwa ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa hesabu ya wanaodai jina halisi, baada ya siku hiyo ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ulipaswa kutoweka, kwa kuwa kila namba ina kidole nyuma yake. Haukutoweka, na Mamlaka ya Mawasiliano imelazimika kutuwekea namba 15040 ya kupelekea jumbe hizo za kitapeli. Sababu inajulikana mtaani. Mtu anakwenda kwa wakala chini ya mwavuli, anaambiwa kidole hakijashika, aweke tena, kisha aweke tena, na kila anapoweka huenda laini nyingine inazaliwa kwa jina lake bila yeye kujua. Ndiyo maana nawahimiza wateja wangu, hasa wazee, wapige *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Utaratibu ulioundwa ili kumtambua mhalifu humpa mhalifu huyo, pale unapochezewa, jina la bibi wa Magu la kujifichia, na mlango wa kwanza kubishwa na polisi huwa ni wa bibi.

Korea Kusini walikwenda mbali zaidi yetu. Kuanzia mwaka 2007 sheria yao ilizitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho halisi wa kila mtu kabla hajaandika chochote. Matusi yalipungua kidogo tu. Kilichoongezeka ni hazina ya majina na namba za vitambulisho iliyorundikwa mahali pamoja, na mwaka 2011 wadukuzi wakaingia kwenye mifumo ya kampuni inayoendesha tovuti za Nate na Cyworld wakachota taarifa za watumiaji wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu takriban milioni 50. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja. Nadhani somo hilo linatuhusu sisi zaidi ya wao, kwa sababu wao walikuwa na mitambo ya kisasa ya kulinda hazina hiyo na bado ikavunjwa, ilhali kwetu nakala za vitambulisho vya watu huokotwa zikiwa zimefungiwa karanga.

Uzoefu wa kuchapisha ushahidi wa watu umenifunza pia kwamba mara nyingi kinachoumiza ni wingi wa bandia kuliko ubandia wenyewe. Akaunti moja isiyojulikana ikimzushia mtu, majirani husema labda ni chuki. Akaunti saba zikisema jambo hilo hilo ndani ya saa moja, majirani husema lisemwalo lipo, ingawa zote saba zinatoka kwenye simu ya mtu mmoja aliyelala kitandani kwake. Kwa upande mwingine, jina la kubuni likidumu hujenga uwajibikaji wake lenyewe. Pale Mwaloni kuna watu wanaokopeshana magunia ya dagaa kwa miaka bila kujua jina la kitambulisho la mwenzake: huyu ni Mama Neema, yule ni Chuma, na mwingine ana jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Mkopo unarudi kwa sababu jina hilo la utani ndilo lenye sifa, na akiliharibu hawezi kesho kuja na jingine akaaminiwa kama mgeni mwema. Ningependa huduma za mtandaoni zijengwe hivyo, kwamba mtu aruhusiwe kuficha jina lake la kuzaliwa, lakini akaunti iliyofunguliwa jana isiwe na uwezo sawa wa kutuma ujumbe kwa watu mia tano na ile iliyokaa miaka mitano bila malalamiko, na anayeendesha huduma awe na njia ya kugundua kwamba midomo saba ni ya mtu mmoja, bila ya kulazimika kujua mtu huyo anaitwa nani.

Jambo hili la midomo mingi si geni kwetu Kanda ya Ziwa, wala halikuanza na simu. Vijijini Usukumani, wizi wa ng'ombe ukizidi, mkutano wa kijiji huweza kuitisha kura ya siri, kila mtu akaandika jina la anayemshuku na karatasi zikakusanywa. Mwezi Machi 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali yenyewe iliutumia utaratibu wa namna hiyo, watu wakaalikwa kuandika majina ya wanaowashuku bila kuandika ya kwao. Ninaielewa nia yake: katika kijiji ambacho muuaji anaweza kuwa jirani mwenye fedha, hakuna atakayesimama hadharani amnyooshee kidole, na pasipo kura ya siri ukweli ungekaa vifuani. Lakini karatasi isiyo na jina haisemi kama mwandishi aliona kwa macho, alisikia kilabuni, au anadaiwa na huyo aliyemwandika. Ndugu watatu wakikubaliana usiku, karatasi tatu zitahesabiwa kana kwamba ni mashahidi watatu. Na katika mikoa hii, ambako vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi, hakuna anayeweza kusema kwamba tuhuma isiyo na mwenyewe ni mchezo tu. Kwangu, kura ya siri inafaa kuanzisha uchunguzi na haifai kuumaliza, na hivyo ndivyo ninavyoitazama akaunti isiyojulikana inayofichua uovu.

Wale wanaosema jina lisifunguliwe kamwe ningewaomba waisome kesi ya K.U. dhidi ya Finland. Mwezi Machi 1999 mtu asiyejulikana aliweka tangazo kwenye tovuti ya kutafutia wapenzi kwa jina la mvulana wa miaka 12, pasipo mtoto kujua, akieleza umri wake na umbile lake, akiweka kiungo cha kufikia picha yake, na kudai kwamba mtoto anatafuta uhusiano wa kimapenzi na mvulana wa rika lake au aliyemzidi umri. Mtoto akapata ujumbe kutoka kwa mtu mzima aliyetaka kukutana naye. Baba akaenda polisi, polisi wakaiomba kampuni ya intaneti jina la mteja wake, kampuni ikakataa kwa sababu ya wajibu wa usiri, na mahakama za Finland zikasema sheria iliyokuwapo haikuruhusu kuilazimisha. Tarehe 2 Desemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Finland ilivunja haki ya mtoto huyo, kwa kuwa usiri wa mawasiliano, pamoja na thamani yake yote, hauwezi kuwa kamili kiasi cha kumwacha mtoto bila njia yoyote ya kumfikia aliyemtendea hivyo. Sijaona mtu aliyeisoma kesi hiyo akaendelea kusema "kamwe".

Hapa kwetu hatari iko upande wa pili. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa ofisa wa polisi anayesimamia kituo, au ofisa mwingine wa ngazi inayolingana naye, mamlaka ya kutoa amri kwa yeyote aliye na data azitoe, pale zinapohitajika kwa upelelezi au mashtaka ya jinai. Amri hiyo haipiti kwa hakimu. Asiyeitii anaweza kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, na hili tumeliona likitendeka: Maxence Melo, mmoja wa waasisi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni ambako wengi huandika kwa majina ya kubuni, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kutoa utambulisho wa watumiaji waliokuwa wameandika tuhuma kuhusu kampuni za biashara, na tarehe 8 Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikamtia hatiani katika mojawapo ya kesi hizo na kumtaka alipe faini ya shilingi milioni 3 au atumikie kifungo cha mwaka mmoja. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu yaliyoandikwa na watumiaji wale. Linalonisumbua mimi ni kwamba mkono uleule unaopokea malalamiko, unaopeleleza, na ambao katika mji mdogo unafahamiana na mlalamikaji, ndio uliopewa uwezo wa kuamua kwamba jina lifunguliwe. Sisemi kila mkuu wa kituo atautumia vibaya. Nasema yule kijana wa Sengerema hana sababu ya kuuamini, na uhalali wa utaratibu hupimwa kwa macho ya watu kama yeye.

Njia ya kati ipo na imekwisha kujaribiwa kwingine. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilisikiliza ombi la kampuni iitwayo Dendrite iliyotaka kujua majina ya watu waliokuwa wakiiandika vibaya mtandaoni kwa majina ya kubuni. Mahakama ilisema kwanza mlalamikaji afanye juhudi ya kumjulisha huyo asiyejulikana, kupitia mahali palepale alipoandika, kwamba jina lake linatafutwa, ili apate nafasi ya kujitetea akiwa bado amejificha. Kisha mlalamikaji ayataje maneno yenyewe anayoyalalamikia, neno kwa neno, na alete ushahidi wa awali kwamba kweli yanaweza kuwa kosa kisheria. Baada ya hayo hakimu apime, nguvu ya madai upande mmoja na haki ya mtu kusema bila kujitaja upande wa pili. Uingereza nako, tangu uamuzi wa kesi ya Norwich Pharmacal wa mwaka 1973, mtu wa tatu aliyejikuta katikati ya kosa la mwingine anaweza kuamriwa na mahakama amtaje mkosaji. Maamuzi ya huko hayawafungi majaji wetu, ingawa ya Uingereza husikilizwa kwa heshima katika nchi iliyorithi sheria zao.

Nikiwaweka wale wateja wangu wawili mbele ya hakimu mwenye vipimo hivyo, nadhani kila mmoja anapata haki yake. Mama wa dagaa anayo maneno mahsusi, picha, tarehe na hesabu ya wateja waliomkimbia, na akileta majibu ya vipimo vya dagaa wake kuonyesha hawana sumu, madai yake yanasimama, jina lifunguliwe. Mwenye mitumbwi ya kokoro, akija kudai jina la aliyemripoti kwa kisingizio cha kuchafuliwa, ataulizwa ni uongo gani hasa ulioandikwa, na hapo atakwama. Mkuu wa kituo angeweza kuuliza maswali hayo hayo, bila shaka, ila hakuna anayemlazimisha kuyauliza wala kuandika majibu mahali ambapo mtu mwingine atayasoma.

Lipo pia tatizo la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo linafanya haraka ya kufungua majina iwe hatari kwa wasiohusika. Wanasema, "Si mtafute tu IP yake." Anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha muunganisho umetoka wapi kwenye intaneti, kwa wanaotumia simu mara nyingi si ya mtu mmoja. Kampuni za simu hazina anwani za aina ya zamani za kumtosha kila mteja, hivyo huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, na kuwatofautisha kwa muda na kwa poti, namba ya ziada inayopewa kila muunganisho. Kumbukumbu iliyohifadhi anwani peke yake, bila poti na bila saa iliyo sahihi mpaka sekunde, inaweza kuelekeza kwa mamia ya watu waliokuwa hewani pamoja. Saa ya mtambo mmoja ikitofautiana na ya mwingine kwa dakika mbili, anayekamatwa anaweza kuwa mwanafunzi wa Nyegezi aliyekuwa akitazama mpira. Hakimu anayejua kuuliza swali la poti na saa ni kinga kwa wote. Na kumbukumbu hizo hazikai milele. Kampuni huzifuta baada ya muda, jambo ambalo ni jema kwa faragha na baya kwa aliyechelewa kulalamika.

Kuhusu kuchukua taarifa za kila mtu kama tahadhari, nina neno kama mwenye duka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera na kuhifadhi kumbukumbu za wateja. Nilipokuwa na kompyuta za kukodisha, nilijiuliza kamera hiyo ingerekodi nani. Ingemrekodi mtukanaji, ndiyo, lakini pia ingemrekodi muuguzi anayeandikia TAKUKURU kuhusu dawa zinazouzwa kwa mlango wa nyuma, na mkanda wa wote wawili ungekaa kwenye droo yangu, chini ya kufuli ambayo mwanangu wa darasa la sita huifungua kwa pini ya nywele. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo inaahidi kumlinda muuguzi huyo, na ahadi hiyo haina maana kama sura yake inahifadhiwa kwa muuza kalamu. Kompyuta hizo niliziuza. Fedha haikuwa inatosha hata bila suala la kamera.

Ndiyo maana narudia kwamba anayelishika jina naye awajibike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko pale taarifa zake zinapotumika kinyume cha lengo lililozikusanya. Aliyemtoa yule kijana wa Sengerema kwa mwenye mitumbwi alitumia taarifa ya mtu vibaya, na kwa maoni yangu alitenda kosa zito kuliko la mtukanaji wa mtandaoni, kwa sababu mtukanaji huharibu sifa na yeye aliweka uhai rehani. Sijawahi kusikia mtu wa aina hiyo akiitwa kujieleza. Kila ufunguaji wa jina ungeandikwa kwenye daftari: nani aliomba, nani aliruhusu, kwa kosa gani, na jina likapelekwa kwa nani, na mwenye jina aarifiwe baadaye, upelelezi ukishakwisha, hata kama hakushtakiwa.

Nimeona pia kwamba waathirika wengi hawahitaji jina kwanza. Wanahitaji kitu kiondoke. Picha ya utupu ya binti wa chuo ikisambazwa saa mbili usiku, kumjua msambazaji baada ya miezi mitatu hakumsaidii usiku ule. Kuondoa picha, kuifungia akaunti isitume zaidi, na kuzuia nakala yake isipakiwe upya ni mambo yanayowezekana bila kujua jina la mtu hata mmoja, na anayeendesha huduma hana udhuru wa kusubiri amri ya mahakama kwa jambo lililo wazi namna hiyo. Viongozi wa magrupu yetu ya WhatsApp nao wana kitufe cha kumwondoa mtu na kufuta ujumbe wake kwa wote, nao hukitumia kwa haraka sana mtu akiweka tangazo la biashara, kisha wakawa wazito mtu anapozushiwa wizi.

Hoja ninayoitarajia ni kwamba hakimu huchelewesha, na kwamba mtu wa visiwani hana mahakama ya kukimbilia. Ni hoja ya kweli kwa kiasi. Lakini Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa miwili ya mwanzo, pamoja na Dar es Salaam, kupewa mahakama inayotembea kwa gari, mwaka 2019, na Mahakama ya Tanzania imekwisha kuanza kupokea mashauri kwa njia ya mtandao. Gari halivuki maji kwenda Ukara, lakini ombi la kurasa mbili linavuka. Ningeomba kifungu cha 32 kirekebishwe hivi: mkuu wa kituo abaki na uwezo wa kuamuru data zihifadhiwe zisifutwe, papo hapo, bila kumwomba mtu yeyote, kwa sababu kuhifadhi hakumfichui mtu, ila kuzisoma na kulitoa jina kusubiri idhini ya hakimu wa zamu, ambaye atalisikiliza ombi ndani ya siku mbili, kwa simu ikibidi, na kuandika sababu zake. Siku mbili zikipita bila idhini, data zibaki zimefungwa kama zilivyo hadi atakapopatikana hakimu mwingine.